Kidonge cha tezi asubuhi, kidonge cha sonona usiku: mwongozo kamili wa kutumia dawa hizi mbili pamoja

Kidonge cha tezi ya thairoidi kimeandikwa na daktari mmoja, cha sonona kimeandikwa na mwingine, mara nyingi katika hospitali mbili tofauti, na hakuna kati yao aliyeliona faili la mwenzake. Wiki ya tatu moyo unaenda mbio, usingizi umekatika, machozi yako karibu. Je, dozi ya tezi imezidi? Ni dawa mpya ya sonona inaanza kuzoeleka? Au sonona yenyewe imepanda?

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika hapo, na wa ndugu anayemwuguza. Ukishika jambo moja tu, shika hili: dawa zote mbili huhesabu kazi yake kwa wiki, si kwa siku. Anayebadili vitu viwili kwa mpigo hatajua kipi kimemsaidia wala kipi kimemdhuru, na hata daktari wake atabaki kubahatisha.

Tezi inavyoshika hisia

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koo. Hutoa homoni iitwayo T4 na kiasi kidogo cha T3. Sehemu kubwa ya T4 hugeuzwa kuwa T3 ndani ya mwili, ubongo ukiwemo. Anayeisimamia tezi hii ni tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo hutuma amri kwa homoni iitwayo TSH. Homoni za shingoni zikipungua, TSH hupanda. Zikizidi, TSH hushuka. Wengi huisoma karatasi ya maabara kinyume: TSH kubwa maana yake tezi imelegea, si kwamba inafanya kazi kupita kiasi.

Tezi iliyolegea huleta uchovu usioisha kwa kulala, kuhisi baridi wenzako wakiona joto, ngozi kavu, choo kigumu, hedhi nzito, sauti kukwaruza, akili nzito na kukosa hamu ya chochote. Soma tena orodha hiyo uone ni mangapi ungeyaita sonona. Mwaka 1949 daktari Richard Asher wa London alichapisha habari za wagonjwa 14 waliokuwa wamepatwa na matatizo makubwa ya akili huku chanzo kikiwa tezi iliyolegea, na wengi wao walipata nafuu walipopewa homoni. Tangu hapo, kupima tezi kwa mtu mwenye sonona isiyoeleweka limekuwa jambo la kawaida katika nchi nyingi, ingawa huku kwetu bado hurukwa mara kwa mara.

Tezi iliyozidi hufanya kinyume: mapigo ya moyo ya haraka, mikono kutetemeka, jasho, kukonda huku unakula, hasira za ghafla, wasiwasi, kukosa usingizi. Kwa wazee mambo hubadilika. Mzee mwenye homoni nyingi anaweza kunyamaza tu, akakonda, akakosa hamu ya kula na ya kuongea, na nyumbani wakasema ni uzee au majonzi.

Na goita? Uvimbe wa shingo peke yake haukwambii kama homoni ni chache au ni nyingi. Wengi wenye goita homoni zao ziko sawa. Chumvi yenye madini joto ni muhimu kwa jamii nzima, lakini haimtibu mtu ambaye kinga yake ya mwili inaishambulia tezi. Virutubisho vya mwani vinavyouzwa kama tiba ya tezi viache, kwa sababu kiasi cha madini joto ndani yake hakitabiriki, na madini hayo yakizidi yanaweza kuivuruga tezi upande wowote.

Hatua ya 1: pima kabla ya kubadili chochote

Kipimo cha kuanzia ni TSH. Isipokuwa kawaida, huongezwa kipimo cha T4 huru, yaani ile T4 isiyoshikana na protini za damu. Maabara nyingi huchukulia TSH ya takriban 0.4 hadi 4.0 kuwa ya kawaida kwa mtu mzima asiye mjamzito, lakini fuata kiwango kilichochapishwa kwenye karatasi yako, na ukiweza rudi maabara ile ile kila mara. Omba na wingi wa damu upimwe siku hiyo hiyo. Upungufu wa damu huleta uchovu na huzuni vilevile, na ni wa kawaida kuliko ugonjwa wa tezi.

Wanaopaswa kusisitiza kipimo hiki ni wenye sonona iliyokuja pamoja na mabadiliko ya mwili, wale ambao dawa za sonona hazijawasaidia, wanaotumia lithiamu (dawa ya kutuliza hisia), na akina mama waliojifungua ndani ya mwaka mmoja. Hawa wa mwisho nawasemea kwa nguvu. Baada ya uzazi tezi inaweza kuvimba bila maumivu: miezi ya mwanzo homoni huzidi, mama akawa na wasiwasi na asilale hata mtoto akilala, kisha, mara nyingi kati ya mwezi wa 4 na wa 8, homoni hupungua, naye akalegea na kulia bila sababu. Akiambiwa tu kwamba ni uchovu wa kulea, tatizo linaloonekana kwa tone la damu litapita bila kuonwa. Bila shaka sonona ya uzazi ipo pasipo ugonjwa wa tezi, na ndiyo maana ya kupima.

Siku ya kipimo zingatia mambo mawili. Nenda kabla hujameza kidonge cha siku hiyo. Na ikiwa unatumia vidonge vya kurefusha nywele na kuimarisha kucha, soma kopo: vingi vina biotini nyingi, ambayo ni aina ya vitamini. Biotini huvichanganya vipimo kadhaa vya maabara, ikaifanya TSH ionekane ndogo na T4 ionekane kubwa, kana kwamba tezi imezidi, ilhali haina neno. Mtu anaweza kupunguziwa dozi aliyokuwa akiihitaji kwa sababu ya vidonge vya urembo. Viache angalau siku 2 kabla. Kama dozi yake ni kubwa, uliza maabara kama siku ziongezwe.

Matokeo ya katikati ndiyo yenye ubishi. TSH ikipita 10, madaktari wengi huanza tiba. Ikiwa kati ya 4 na 10 huku T4 iko sawa, kidonge si lazima. Mara nyingi hurudiwa kipimo baada ya miezi 2 au 3. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watu 737 wenye miaka 65 na zaidi walio katika hali hiyo, haukuona tofauti ya dalili wala ya uchovu kati ya waliopewa homoni na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo mzee mwenye TSH ya 6 na sonona, atibiwe sonona. Kungoja kidonge cha tezi kimtoe kwenye huzuni ni kumpotezea miezi.

Hatua ya 2: meza kidonge cha tezi ipasavyo

Levothairoksini ndilo jina la kidonge cha homoni ya tezi. Watu wengi wanaodhani haiwafai, dozi yao haina tatizo. Tatizo ni kile wanachokinywa pamoja nayo. Hiki ni kidonge chenye wivu. Kinataka tumbo tupu na maji matupu, kisha dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Kahawa hukizuia kufyonzwa, na chai ya maziwa nayo ingoje, kwa sababu kalsiamu ya maziwa hushikana na dawa.

Vidonge vya kuongeza damu, vile wanavyopewa wajawazito kliniki, vipishe kwa saa 4. Hali kadhalika vidonge vya kalsiamu na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini. Omeprazoli, ambayo watu huimeza miezi kwa miezi kwa ajili ya vidonda vya tumbo, hupunguza asidi ambayo kidonge cha tezi huihitaji. Ukiianza au ukiiacha, mwambie daktari wa tezi.

Asubuhi ikikushinda kwa sababu ya daladala au watoto wa shule, meza usiku kabla ya kulala, ilimradi zimepita saa 3 tangu chakula. Muhimu ni kushika wakati mmoja. Mwezi wa Ramadhani wengi hufanya hivyo hivyo: saa 3 baada ya futari bila kutafunatafuna katikati, au nusu saa kabla ya daku. Panga jambo hili na daktari kabla ya mwezi kuandama, hasa kama una ugonjwa wa moyo au una mimba.

Kisha joto. Levothairoksini huharibika kwa joto, mwanga na unyevu, na pakiti nyingi huelekeza ihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Dar es Salaam na Mombasa chumba hupita hapo kwa urahisi. Iache ndani ya karatasi yake ya awali, iweke kwenye kabati lenye kivuli mbali na jiko, na usiiache ndani ya gari. Usinunue akiba ya mwaka mzima. Ukibadilishiwa jina la dawa dukani, kwa mfano kutoka Eltroxin kwenda Euthyrox, kubali kama hakuna njia, lakini andika tarehe na upime TSH baada ya wiki 6.

Vidonge vya sonona havina masharti hayo ya tumbo tupu. Fluoksetini humezwa asubuhi, na sertralini kwa kawaida asubuhi pia, kwa kuwa huweza kukata usingizi. Amitriptilini humezwa usiku kwa kuwa inalaza.

Hatua ya 3: jua zipi zinagusana

Habari njema kwanza: watu wengi hutumia levothairoksini na dawa ya sonona pamoja kwa miaka bila shida. Kugusana kwake hufuatiliwa, si sababu ya kuogopa wala ya kuacha moja kimyakimya.

Sertralini inaweza kuongeza mahitaji ya homoni ya tezi kwa baadhi ya watu. Mtu aliyekuwa ametulia kwenye dozi yake anaanza sertralini, na baada ya miezi kadhaa anarudi kwenye uchovu na baridi. Hapo daktari akipandisha sertralini bila kupima TSH, anaweza kuwa anamwaga maji kwenye gunia. Omba TSH wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza.

Amitriptilini, ambayo ndiyo dawa ya sonona inayopatikana zaidi katika vituo vingi vya umma, inahitaji uangalifu wa namna nyingine. Ikikutana na homoni ya tezi, nguvu ya kila moja inaweza kuongezeka, na moyo ndio unaolipa: mapigo ya haraka au yasiyo na mpangilio. Mwenye ugonjwa wa moyo, mzee, au mtu ambaye homoni zake tayari zimezidi, aseme wazi kabla hajaandikiwa. Kupima moyo kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kabla ya kuanza ni ombi la haki.

Lithiamu ina kisa chake. Hutumika zaidi kwa wenye hisia za kupanda na kushuka, na pia kuongeza nguvu ya dawa za sonona. Yenyewe huizuia tezi kutoa homoni, na baadhi ya wanaoitumia, wanawake zaidi, hulegea tezi. Basi TSH ipimwe kabla ya kuanza, kisha kila miezi 6 hivi, pamoja na figo na kiwango cha lithiamu katika damu. Tezi ikilegea si lazima kuiacha lithiamu iliyomwokoa mtu. Mara nyingi huongezwa tu levothairoksini.

Karbamazepini, inayotumika kwa kifafa na kutuliza hisia, na rifampisini ya kifua kikuu, hulifanya ini liiondoe homoni mwilini upesi. Anayeanza mojawapo huku anatumia levothairoksini aweza kuhitaji dozi kubwa zaidi.

Kwa waliozidi homoni, dawa ya kawaida ni karbimazoli, na mwanzoni huongezwa propranololi ya kutuliza moyo na kutetemeka. Fluoksetini hupunguza kasi ya mwili kuiondoa propranololi, hivyo mapigo yanaweza kushuka mno. Ukihisi kizunguzungu au mapigo yakiwa chini ya 50, rudi hospitali. Mwenye pumu asipewe propranololi. Na anayetumia karbimazoli akipata koo kuuma na homa asikimbilie antibayotiki za dukani: aache kidonge na akapime chembe nyeupe za damu siku hiyo hiyo, maana ni nadra lakini dawa hiyo inaweza kuzimaliza.

Kuna pia swali la kutumia homoni yenyewe kama tiba ya sonona kwa mtu ambaye tezi yake ni nzima. Si uzushi. Mwaka 1969 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba T3 huharakisha nafuu kwa wanaotumia imipramini, dawa ya sonona ya enzi hizo. Katika utafiti mkubwa uitwao STAR*D, matokeo ya mwaka 2006, wagonjwa ambao hawakupona kwa tiba mbili za mwanzo waliongezewa T3 au lithiamu: karibu robo ya wale wa T3 walipona dalili, dhidi ya asilimia 16 hivi ya wale wa lithiamu, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuthibitisha kwamba moja ni bora, ingawa walioshindwa kuvumilia lithiamu walikuwa wengi zaidi. Basi ni njia ya daktari bingwa wa akili, akiwa na vipimo mkononi, tena baada ya mambo mengine kushindikana. Kumeza kidonge cha tezi cha jirani ili kuchangamka au kupunguza unene ni njia fupi ya kuharibu moyo.

Hatua ya 4: badilisha kimoja, andika, ngoja

Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu: nusu ya dozi bado ipo baada ya siku 7 hivi. Ndiyo maana kukisahau siku moja si balaa, na ndiyo maana TSH haipimwi kabla ya wiki 6 hadi 8 tangu dozi ibadilike. Dawa za sonona nazo huanza kuonekana wiki ya 2 hadi ya 4, na hukamilika wiki ya 6 hadi ya 8.

Ni ipi ianze? Sonona ikiwa kali, mtu hali, halali, anazungumzia kifo, haingoji tezi: inatibiwa leo, na tezi inatibiwa sambamba. Ikiwa ni nyepesi na TSH iko juu waziwazi, wewe na daktari mnaweza kukubaliana kuanza na homoni, mkatazama tena baada ya wiki 6. Dozi ya kutosha kwa mtu mzima asiye na tezi kabisa ni karibu mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, yaani mikrogramu 100 hivi kwa mtu wa kilo 60. Mzee au mgonjwa wa moyo huanzia chini, 25 au hata 12.5, na kupandishwa taratibu. Akipandishiwa haraka atapata wasiwasi utakaofanana na ugonjwa wa akili.

Nunua daftari. Kila asubuhi kabla hujainuka kitandani hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Andika saa ulizolala, na hali ya hisia zako kwa alama kuanzia 0 hadi 10. Mara moja kwa wiki andika uzito. Kila dozi inapobadilika, au dawa yoyote mpya inapoingia, hata ya kikohozi au ya mitishamba, andika tarehe kwa wino mwekundu. Kila wiki 2 jaza yale maswali tisa ya sonona yaitwayo PHQ-9, ambayo yapo kwa Kiswahili. Alama zake hufika 27, na kushuka kwa 5 ni badiliko la kweli. Kurasa hizo zitamsaidia daktari kuliko maelezo yako yote siku umechoka kwenye foleni.

Hatua ya 5: soma dalili kabla ya kulaumu dawa

Wasiwasi na kukosa usingizi katika wiki 2 za mwanzo za fluoksetini au sertralini, pamoja na kichefuchefu, kwa kawaida ni dawa ya sonona, na hupita. Wasiwasi unaoanza wiki kadhaa baada ya kupandishiwa dozi ya tezi, mapigo ya mapumziko yakizidi 100, uzito unashuka na joto halivumiliki, unaelekeza kwenye tezi. Kukosa nguvu za tendo la ndoa kunaweza kutokana na lolote kati ya matatu, yaani tezi, dawa ya sonona au sonona yenyewe, lakini kukianza mara tu baada ya sertralini, sema. Watu huona haya na kuacha dawa kimyakimya. Choo kigumu na kinywa kukauka ni vya amitriptilini. Choo kigumu na ngozi kukauka huelekea tezi.

Furaha ya ghafla nayo isikupumbaze. Mtu asiyelala siku 3 na hachoki, anaongea bila kituo, anagawa pesa na kupanga biashara tano, hajapona. Dawa ya sonona inaweza kumwasha hivyo mwenye hisia za kupanda na kushuka, na homoni ya tezi iliyozidi pia. Mpelekeni hospitali.

Je, TSH imekaa sawa kwa miezi na huzuni bado ipo? Basi acheni kuisukuma dozi ya tezi juu. Kuishusha TSH hadi karibu na sifuri ili mtu ajisikie vizuri huongeza hatari ya mapigo yasiyo na mpangilio na mifupa kudhoofika, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Tafuteni kwingine: damu, sukari, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, pombe, ndoa, madeni, msiba usioliliwa. Ushauri nasaha una nafasi yake kamili hapa.

Wazo la kujiua, kuona au kusikia visivyokuwepo, maumivu ya kifua, kuzimia, au kupoa mwili na kusinziasinzia hadi hujibu: usingoje kliniki, nenda kitengo cha dharura, na msindikizaji abebe dawa zote ndani ya mfuko mmoja.

Mimba, na siku ya kuacha

Ukijua una mimba na unatumia levothairoksini, toa taarifa wiki hiyo hiyo. Mahitaji ya homoni hupanda mapema, mara nyingi kwa robo au zaidi, na ubongo wa mtoto katika miezi ya mwanzo hutegemea homoni ya mama. Dawa ya sonona usiikate kwa hofu. Nyingine huendelea, nyingine hubadilishwa, na uamuzi huo ni wa daktari pamoja na wewe.

Kidonge cha tezi, kwa aliyeondolewa tezi au ambaye kinga yake imeiharibu, ni cha maisha. Aliyeugua baada ya uzazi huenda akakiacha, kwa vipimo. Dawa ya sonona huendelezwa baada ya dalili kuisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hutaja miezi 9 hadi 12. Kisha hupunguzwa polepole kwa wiki 4 au zaidi, maana ikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, hasira na usingizi mbovu, mambo yanayofanana mno na tezi. Pima TSH kabla ya kuanza kupunguza, ili ujue unatokea wapi.

Anayesahaulika kabisa ni yule aliyepandishiwa dozi ya tezi kwa sababu ya rifampisini au karbamazepini. Siku anapomaliza dawa za kifua kikuu kila mtu anampongeza, lakini ini lake linarudi kwenye mwendo wa zamani na dozi ile inakuwa kubwa kwake. Wiki chache baadaye anatetemeka, halali, anagombana na kila mtu, na huenda akaandikiwa dawa ya wasiwasi. Dawa hizo zikiisha, TSH irudiwe wiki 6 hadi 8 baadaye, na mapema zaidi mapigo yakianza kupanda kwenye daftari.